Ukoo wa Habsburg: ndoa iliwafungulia mlango wa mirathi, kisha wakatumia karne tatu kuulinda mlango huo huo

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila inapozuka mada ya falme za Ulaya, hakosekani mtu wa kuleta ule msemo wa Kilatini unaoiambia Austria iwaachie wengine vita, yenyewe ioe na kuozesha. Msemo huo unauhusu ukoo wa Habsburg, uliotoka katika ngome ndogo ya Aargau, ndani ya Uswisi ya leo, ukaishika Austria mwaka 1282 na kukaa nayo hadi mwaka 1918. Wengi wameupokea kana kwamba ni historia kamili, yaani wenzao walimwaga damu na wao wakala karamu. Hata Austria yenyewe hawakuipata kwa posa; waliipata baada ya Rudolf wa Habsburg kumshinda Ottokar, mfalme wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), vitani mwaka 1278.

Hoja yangu ni hii. Harusi peke yake haikuwapa Habsburg nchi. Kilichowapa nchi ni mirathi, na mirathi haifunguki mpaka afe mtu, tena mara nyingi mtu ambaye hakutarajiwa kufa. Baada ya msiba, ilibidi vita vipiganwe ili kile kilichoandikwa katika mkataba wa ndoa kishikike mkononi. Zaidi ya hapo, mlango walioingilia katika nchi za watu ungeweza kuwaingiza watu wengine katika nchi zao, nao walilijua hilo kuliko ukoo wowote. Ukilishika jambo hilo, mambo mengi yanayoonekana kuwa ya ajabu katika ukoo huu, kama vile wajomba kuwaoa wapwa zao, mabinti kuapishwa wasirithi, na watoto wa mrithi wa dola kukataliwa kabla hawajazaliwa, yanaanza kuonekana kuwa na hesabu ndani yake, ingawa hesabu hiyo iliwagharimu sana.

Tuanzie Burgundy, dola iliyokuwa kati ya Ufaransa na Ujerumani. Tarehe 5 Januari 1477 mtawala wa Burgundy, Charles aliyepewa jina la Shupavu, aliuawa vitani karibu na mji wa Nancy katika baridi kali, na mwili wake ukapatikana baada ya siku kadhaa ukiwa umevuliwa nguo na kuharibika vibaya. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Marie, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20, na binti huyo akawa mrithi wa miji iliyokuwa miongoni mwa miji tajiri kuliko yote kaskazini mwa Ulaya: Ghent, Bruges, Brussels, Antwerp. Mfalme Louis XI wa Ufaransa alivamia mara moja, huku akidai Marie aolewe na mwanawe mwenye umri wa miaka sita. Watu wa Ghent, kwa upande wao, waliwakamata washauri wawili wakuu wa Marie na kuwakata vichwa ingawa yeye mwenyewe aliwaombea hadharani. Katika hali hiyo Marie alimchagua Maximilian wa Habsburg, kijana wa miaka 18 ambaye baba yake alikuwa Kaisari mwenye cheo kikubwa na hazina tupu. Walifunga ndoa Ghent tarehe 19 Agosti 1477.

Inasimuliwa kwamba walipendana, na barua ya Maximilian kwa rafiki yake akimsifia mkewe inaonyesha hivyo. Lakini angalia jinsi haki ilivyopita. Nchi hazikuwa za Maximilian hata siku moja. Zilikuwa za Marie, na baada ya Marie zilikuwa za mtoto. Mwezi Machi 1482 Marie alianguka kutoka juu ya farasi akiwa katika uwindaji wa kozi, akafariki, na mumewe akabaki mlezi tu wa mtoto wa miaka mitatu, Philip. Mabaraza ya miji hayakumtaka hata kwa ulezi. Mwaka 1488 watu wa Bruges walimfungia ndani ya nyumba mjini mwao kwa miezi kadhaa, na baadhi ya watumishi wake wakauawa hapo hapo sokoni. Mapatano ya kudumu na Ufaransa yalikuja mwaka 1493, yaani miaka kumi na sita baada ya harusi iliyotakiwa kuwa mbadala wa vita.

Hispania ilikuja kwa njia ya kushangaza zaidi. Maximilian na wafalme wawili wa Hispania, Ferdinand na Isabel, walikubaliana kubadilishana watoto ili waibane Ufaransa pande zote: Philip angemwoa Juana mwaka 1496, na dada yake Margareta angeolewa mwaka 1497 na Juan, mrithi wa kiti cha enzi cha Hispania. Hakuna aliyekuwa akifikiria kwamba Habsburg watairithi Hispania, kwa kuwa Juana alikuwa na kaka mmoja na dada mmoja mbele yake. Kisha Juan akafariki Oktoba 1497, miezi sita baada ya harusi, na Margareta akajifungua mtoto aliyekufa. Dada mkubwa, Isabel, malkia wa Ureno, akafariki mwaka 1498 alipokuwa akijifungua. Mtoto aliyemwacha, Miguel, ambaye angeunganisha Ureno na Hispania yote, akafariki mwaka 1500 kabla ya kutimiza miaka miwili. Misiba mitatu ndani ya miaka mitatu ndiyo iliyompeleka Juana mbele, na pamoja naye mumewe na mtoto wao Charles, aliyekuwa amezaliwa Ghent mwaka huo huo wa 1500.

Naendelea baadaye kidogo na Hungaria, kisha nitafika kwenye kufungwa kwa mlango.

Mchangiaji

Ahsante kwa uzi. Naomba usimpite Juana haraka hivyo. Huyu ndiye wanayemwita Juana Mwendawazimu, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba alichanganyikiwa kwa wivu wa mapenzi, akazunguka na jeneza la mumewe. Je, alikuwa mgonjwa kweli au alidhulumiwa?

Mleta uzi

Mkuu, sidhani kwamba mtu wa leo anaweza kupima akili ya mwanamke aliyefariki mwaka 1555, na ushahidi tulio nao umetoka kwa watu waliofaidika na kufungwa kwake. Ninachoweza kufanya ni kuonyesha nani alihitaji awe mgonjwa, na kwa nini.

Malkia Isabel alipofariki Novemba 1504, taji la Castile, sehemu kubwa ya Hispania, lilikwenda kwa Juana mwenyewe, wala si kwa mume wake au kwa baba yake. Kwa hiyo wanaume wawili waliotaka kuitawala Castile, Philip mume na Ferdinand baba, hawakuwa na njia nyingine ila kudai kwamba hawezi kutawala. Juni 1506 wawili hao, waliokuwa wakigombana kwa kila jambo, walikubaliana juu ya jambo hilo moja. Miezi mitatu baadaye Philip alifariki Burgos, na Juana akiwa na mimba ya mtoto wa sita akaanza safari ya kuupeleka mwili wake kusini. Baba yake alirudi kushika utawala, na mwaka 1509 akamweka katika jumba la Tordesillas.

Baada ya Ferdinand kufariki mwaka 1516, mwenye haja na ugonjwa wa Juana akawa mwanawe, Charles. Alikuja kutoka nchi za kaskazini mwaka 1517 na kumtembelea mama yake Tordesillas, mama ambaye hakumwona tangu alipokuwa mtoto mdogo. Akaendelea kumfungia. Kisheria Juana alibaki malkia hadi mwisho, na nyaraka za serikali zilitolewa kwa majina yote mawili, jina la mama likitangulia. Mwaka 1520 miji ya Castile iliyoasi iliingia Tordesillas ikamwomba atie saini ili uasi wao uwe na uhalali. Saini hiyo moja ingeweza kumwondoa Charles. Juana aliwasikiliza, akazungumza nao kwa heshima, na akakataa kutia saini. Mimi nikisoma kisa hicho najiuliza ni mwendawazimu wa namna gani anayejua kwa usahihi kiasi hicho kile kitakachomwangusha mwanawe. Waasi waliposhindwa alirudishiwa walinzi wale wale, akaishi humo hadi alipofariki Aprili 1555, miaka 46 baada ya kuingizwa.

Sasa Hungaria. Tarehe 22 Julai 1515, ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano mjini Vienna, zilifungwa ndoa mbili kwa siku moja. Louis, mtoto wa miaka tisa wa mfalme wa Hungaria na Bohemia, alimwoa Maria wa Habsburg, mjukuu wa Maximilian, aliyekuwa na umri wa miaka tisa pia. Kisha Anna, dada yake Louis, ambaye alikuwa amebakiza siku moja kutimiza miaka 12, alisimama kando ya Maximilian mwenyewe, mzee wa miaka 56 na Kaisari, akiwa amevaa taji. Maximilian alisimama badala ya mmoja wa wajukuu zake wawili, Charles au Ferdinand, kwa sababu ilikuwa bado haijaamuliwa ni yupi atakayemwoa, na mkataba ulieleza kwamba kama hakuna mjukuu atakayekubali ndani ya mwaka mmoja, babu mwenyewe atamwoa binti huyo. Hatimaye Ferdinand ndiye aliyemwoa, mwaka 1521.

Miaka kumi na moja baada ya sherehe hiyo, tarehe 29 Agosti 1526, Louis aliongoza jeshi lake dhidi ya Sultani Suleiman huko Mohács. Jeshi liliangamizwa, na mfalme mwenye umri wa miaka 20 akafa akikimbia, farasi wake alipoanguka katika kijito kilichojaa maji. Hakuacha mtoto. Ferdinand akadai Bohemia na Hungaria kwa haki ya mkewe Anna. Wabohemia walimchagua. Wahungaria waligawanyika, wengi wao wakamchagua mkuu wao wenyewe, Zápolya. Waturuki wakafika hadi kuta za Vienna mwaka 1529, na sehemu kubwa ya Hungaria ikaja kutambuliwa kuwa mali ya Habsburg katika mapatano ya mwaka 1699. Anayesema nchi hiyo ilipatikana kwa harusi ahesabu miaka kutoka 1526 hadi 1699, kisha aniambie harusi hiyo ilimalizika lini.

Mchangiaji

Hoja yako naielewa, lakini kila ukoo wa kifalme ulikuwa ukifanya hivyo hivyo. Watawala wa Ufaransa, Uingereza, Poland na Ureno wote waliozesha watoto kwa mikataba. Kama ni suala la vifo tu, basi Habsburg walikuwa na bahati na hakuna cha kujadili.

Mleta uzi

Ndugu yangu, bahati ilikuwapo na siikatai. Mkataba wa Vienna ulikuwa wa pande mbili: kama wajukuu wa Maximilian wangekufa bila watoto na Maria akazaa na Louis, huenda leo tungekuwa tunajadili jinsi Hungaria ilivyoirithi Austria.

Lakini kuna jambo ambalo Habsburg walilifanya vizuri kuliko wenzao, nalo halitajwi katika msemo ule. Walizitumia akili za wanawake wao baada ya ndoa kuvunjwa na kifo. Mtazame Margareta, binti wa Maximilian na Marie. Akiwa na umri wa miaka mitatu alipelekwa Ufaransa awe mchumba wa mrithi wa kiti, akalelewa huko kama malkia mtarajiwa. Mwaka 1491 mfalme huyo, Charles VIII, alimwacha na kumwoa Anne wa Brittany, ambaye naye alikuwa tayari ameshafungishwa ndoa ya wakala na baba yake Margareta. Yaani kwa harusi moja Mfaransa alimnyang'anya Maximilian mke na kumkataa binti yake. Margareta alirudishwa kwao mwaka 1493. Safari ya kwenda Hispania kuolewa na Juan ilikumbwa na dhoruba baharini, na akiwa ndani ya chombo alijitungia beti ya kuandikwa kaburini, isemayo kwamba hapa amelala Margot, aliyekuwa na waume wawili na bado akafa bikira. Juan akafa. Akaolewa na mtawala wa Savoy mwaka 1501, naye akafa mwaka 1504. Alipoletewa posa ya mfalme wa Uingereza, Henry VII, alikataa, na baba yake hakuweza kumlazimisha.

Badala yake, kuanzia mwaka 1507 alitawala nchi za Ubelgiji na Uholanzi za leo kwa niaba ya ukoo, akiwa katika mji wa Mechelen, na ndiye aliyemlea Charles aliyekuja kuwa Kaisari Charles V. Mwaka 1529, wakati mpwa huyo na mfalme wa Ufaransa wameshindwa kupatana, Margareta alikaa Cambrai na Louise wa Savoy, mama yake mfalme wa Ufaransa, wakayamaliza wao wawili. Baada yake akaja Maria, yule bibi harusi wa miaka tisa wa Vienna, aliyekuwa mjane wa Mohács. Alikataa kuolewa tena na akatawala nchi hizo hizo kuanzia mwaka 1531 hadi 1555. Wanaume wa ukoo wasingeweza kumwamini mkuu yeyote wa nje kwa kiasi hicho, kwa sababu kila mkuu ana watoto wake wa kuwatafutia urithi. Mjane asiye na mtoto hakuwa na ukoo mwingine wa kuutumikia.

Mleta uzi (inaendelea)

Tuje kwenye kufungwa kwa mlango. Charles V alipojiuzulu mwaka 1555 na 1556, mali iligawanyika: Hispania na nchi za kaskazini zikaenda kwa mwanawe Philip II, Austria na cheo cha Kaisari vikabaki kwa ndugu yake Ferdinand. Matawi yote mawili yalikuwa na hofu moja. Katika nchi zao nyingi binti aliweza kurithi kama hakuna mtoto wa kiume, kwa hiyo kila binti aliyeolewa nje alikuwa ni madai yanayotembea. Mageuzi ya dini nayo yalikuwa yamewaondoa wakuu wa Kiprotestanti katika orodha ya wanaofaa kuposa, na Wakatoliki wa hadhi ya kifalme waliobaki walikuwa wachache. Suluhisho lilikuwa kuoana wenyewe kwa wenyewe, na Papa alitoa vibali.

Ureno inaonyesha kwamba mwanzoni mpango huo ulilipa. Charles V alimwoa binamu yake Isabel wa Ureno mwaka 1526, na dada yake Catalina alikuwa ameolewa na mfalme wa Ureno, kaka yake Isabel huyo. Mfalme Sebastian wa Ureno alipouawa Morocco mwaka 1578 bila mtoto, na mrithi wake mzee alipofariki mwaka 1580, Philip II alidai taji kwa haki ya mama yake, akatuma jeshi, akalichukua. Kwa sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali: Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa na Wareno waliokuwa chini ya mfalme huyo wa Habsburg.

Gharama yake ilianza kuonekana mapema. Philip II alimwoa kwanza Maria Manuela wa Ureno, binamu yake kwa baba na kwa mama pia. Mtoto wao, Don Carlos, alikuwa na wazazi wa mababu wanne mahali ambapo mtu wa kawaida ana wanane. Alikuwa dhaifu wa mwili na mkali wa tabia, na mwaka 1568 baba yake alimfungia chumbani, akafa humo. Mara mbili Philip alimwoa binti aliyekuwa ametajwa kwanza kuwa mchumba wa mwanawe: Elisabeth wa Ufaransa, na baada ya huyo kufariki, Anna wa Austria, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake Philip mwenyewe. Kwa Anna, mjomba na mpwa, ndipo alipopatikana Philip III. Mjukuu wa Philip III huyo, Baltasar Carlos, alipofariki mwaka 1646 akiwa na miaka 16, baba yake Philip IV alifanya jambo lile lile: alimchukua mchumba wa marehemu, Mariana, mtoto wa dada yake, akamwoa mwaka 1649. Bwana alikuwa na miaka 44, bibi 14.

Binti yao wa kwanza, Margarita, ndiye yule mtoto mwenye gauni pana jeupe anayesimama katikati ya picha mashuhuri ya Velázquez ya mwaka 1656 iliyoko Madrid. Picha zake nyingine zilikuwa zikitumwa Vienna ili mchumba wake, Kaisari Leopold, aone anavyokua. Leopold alikuwa mjomba wake, kaka wa Mariana. Walioana mwaka 1666, na Margarita akafariki mwaka 1673 akiwa na miaka 21, baada ya kuzaa watoto wanne ambao mmoja tu alivuka utoto.

Mtoto wa kiume wa mwisho wa Philip IV, Charles II, alizaliwa tarehe 6 Novemba 1661, siku tano baada ya kaka yake kufariki. Alichelewa kutembea na kuzungumza, taya lake halikukutana vizuri, na ndoa zake mbili hazikuleta mtoto. Utafiti wa wanasayansi wa Hispania uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kipimo chake cha kuzaliwa na watu wa damu moja kuwa takriban 0.25, ambacho ni sawa na cha mtoto aliyezaliwa na kaka na dada, ingawa wazazi wake walikuwa mjomba na mpwa. Tofauti hiyo inatokana na ndoa za vizazi vilivyotangulia. Watafiti hao walihesabu kwamba kati ya ndoa kumi na moja za wafalme wa tawi hilo, tisa zilikuwa za ndugu wa karibu, na nusu ya watoto waliozaliwa kati ya mwaka 1527 na 1661 walikufa kabla ya kutimiza miaka kumi.

Mchangiaji

Mkuu, hapo nina swali. Walikuwa na waganga na walikuwa wakizika watoto kila mwaka. Kweli hawakuona? Na je, hayo yote yaliwasaidia kuulinda huo mlango?

Mleta uzi

Waliona watoto wanakufa, lakini watoto walikuwa wakifa katika kila nyumba ya zama hizo, na dini iliwapa maelezo yaliyowatosha. Tena ndoa moja ya binamu haikuwa na madhara ya kuonekana kwa macho. Tatizo lilijengeka kwa kurudia, kizazi baada ya kizazi, hadi wakaja kulivuna watu ambao hawakulipanda.

Kuhusu swali la pili, jibu ni hapana, na ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote. Mwaka 1659 Hispania ilichoka kupigana na Ufaransa, na sharti la amani likawa Maria Teresa, binti mkubwa wa Philip IV, aolewe na Louis XIV. Aliapishwa kuikana haki yake ya urithi, lakini hati ya kujivua ilifungamanishwa na mahari, ambayo kwa desturi ya Ulaya hutoka upande wa mwanamke, ya escudo 500,000 za dhahabu. Hazina ya Hispania haikuwa nazo, na mahari hayakulipwa. Wanasheria wa Louis walisema basi na kiapo nacho hakimfungi mtu. Charles II alipofariki tarehe 1 Novemba 1700, wosia wake ulimtaja mjukuu wa Louis XIV na Maria Teresa, Philip wa Anjou, na ukoo wa Bourbon ukaingia Madrid kwa mlango ule ule walioingilia Habsburg karne mbili kabla. Habsburg wa Vienna walipigana vita kuanzia mwaka 1701 hadi 1714 wakaambulia maeneo ya Italia na Ubelgiji. Wafalme wa Hispania wa leo ni Bourbon.

Tawi la Vienna lilifikwa na shida hiyo hiyo mapema kuliko lilivyotarajia. Kaisari Charles VI alitangaza mwaka 1713 kwamba nchi zake zote zitarithiwa kwa pamoja bila kugawanywa, hata na binti, na kwamba mabinti zake watatangulia mabinti wa marehemu kaka yake. Wapwa hao wawili walipoolewa Saxony na Bavaria waliapishwa kujivua haki, kisha Charles akatumia miaka mingi kuzishawishi serikali za Ulaya zitie saini. Binti yake, Maria Theresa, aliolewa na Francis wa Lorraine mwaka 1736, na gharama ya ndoa hiyo ilikuwa bwana harusi kuiachia nchi ya mababu zake ili Ufaransa iridhike. Charles alifariki Oktoba 1740. Desemba mwaka huo huo Frederick wa Prussia, ambaye nchi yake ilikuwa imetia saini, alivamia Silesia, jimbo la Habsburg. Bavaria na Saxony, zilizokuwa na wale mabinti walioapa, zikadai urithi wa wake zao.

Maria Theresa alipigana, akaipoteza Silesia na kubaki na mengine. Kinachonivutia kwake ni kwamba aliolewa na mtu aliyempenda, na Francis alipofariki ghafla mwaka 1765 aliandika katika kitabu chake cha sala hesabu ya maisha yao ya ndoa, hadi siku 10,781 na saa 258,744. Mama huyo huyo aliwagawa watoto wake kama karata. Mfalme wa Napoli aliahidiwa Johanna, lakini binti huyo akafa kwa ndui mwaka 1762. Akaahidiwa Josepha, naye akafa kwa ndui mwaka 1767 akiwa karibu kuondoka. Akapelekewa Carolina mwaka uliofuata. Elisabeth, aliyekuwa mzuri kuliko wote, aliharibika uso kwa ndui na posa zikakoma. Amalia alilazimishwa kwenda Parma huku akimpenda mtu mwingine. Maria Christina peke yake aliruhusiwa kumchagua mumewe, na dada zake hawakuisahau dhuluma hiyo. Habari za mdogo wao, Marie Antoinette, aliyepelekwa Ufaransa mwaka 1770 na kukatwa kichwa mwaka 1793 zimeshasimuliwa sana, sina haja ya kuzirudia.

Mchangiaji

Nimewahi kusoma kwamba Ziwa Turkana liliitwa kwa jina la mtu wa ukoo huu. Ni kweli?

Mleta uzi

Ni kweli. Mwaka 1888 msafara wa mkabaila Teleki wa Hungaria ulilifikia ziwa hilo na kulipa jina la Rudolf, mwana pekee wa kiume wa Kaisari Franz Joseph. Ziwa dogo lililo kaskazini mashariki, ndani ya Ethiopia, wakaliita kwa jina la mkewe, Stéphanie. Stéphanie alikuwa binti wa Leopold II wa Ubelgiji, yule yule wa Kongo, na mama yake alikuwa Mhabsburg. Ndoa hiyo ya mwaka 1881 haikuwa na furaha. Januari 1889 Rudolf alikutwa amekufa katika nyumba ya uwindaji ya Mayerling pamoja na msichana wa miaka 17, na aliacha binti mmoja tu. Kenya ililipa ziwa jina la Turkana mwaka 1975.

Kifo hicho ndicho kilichousogeza urithi hadi kwa Franz Ferdinand, mtoto wa kaka mdogo wa Kaisari, na hapo ndipo kanuni za ukoo zilipojionyesha kwa ukali wake wote. Franz Ferdinand alitaka kumwoa Sophie Chotek, mwanamke wa familia ya kale ya kikabaila ya Bohemia, lakini si ya hadhi iliyotakiwa na kanuni za ukoo. Tarehe 28 Juni 1900, mbele ya Kaisari na wakuu wa ukoo, alikula kiapo kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wake hawatarithi kitu. Katika hafla za ikulu Sophie alitembea nyuma ya wanawake wote wa ukoo, hata walio wadogo. Waliuawa pamoja Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, siku ile ile ya kiapo. Watoto wao watatu walikuwa hai, lakini kiti kilikwenda kwa Karl, mtoto wa ndugu yake, aliyeshika utawala mwaka 1916 na kuuachia Novemba 1918.

Mwaka 1919 Jamhuri ya Austria ilitunga sheria ya kuwafukuza Habsburg wote ambao hawatakana haki zao za kifalme. Karl alikataa, akafia uhamishoni Madeira mwaka 1922. Mwanawe Otto alitia saini hati ya kujivua mwaka 1961, hati ya aina ile ile ambayo ukoo wake ulikuwa umewatia mabinti na wapwa saini kwa karne nyingi, na mabishano ya kisiasa kuhusu hati hiyo yakamchelewesha kuingia Austria hadi mwaka 1966.